Mjomba Aliyekatiwa Simu

Siku ya mnada Newala huna pa kukanyaga, na hapo hapo ndipo Somoe alipochanika suruali. Alikuwa akishuka kwenye paa la ghala la soko, kofia ngumu ya njano kichwani, baada ya kufunga mnara mdogo wa simu. Miaka ile makampuni ya simu ndiyo kwanza yanagombania wateja, na fundi mitambo wa kike alikuwa kioja.

"Jifunge hii, nikushonee," alisema Lukmani, fundi cherehani mwenye shati jeupe pee, akimrushia kanga. "Bure! Anayetuletea sauti hatozwi."

"We kaka una maneno!"

Somoe akarudi kwao Masasi, simu zikafanya kazi iliyobaki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

Posa ikaiva. Lakini kwa Wamakonde posa haiendi bila mjomba. Mzee Hamidu, mjomba wa Lukmani, akasimama sokoni akampigia binti.

"Shikamoo, mjomba," Somoe alisema. Simu ikakatika kabla mzee hajaitikia. Akapiga tena, ikakatika tena.

"Binti gani anamkatia mjomba simu?" mzee akafoka. "Posa basi!"

Jioni Lukmani akapiga akiwa nyumbani. "Omba radhi tu, mpenzi, yaishe."

"Kwa kosa lipi? Sikukata! Nawe umeamini?"

"Mjomba hasemi uongo," Lukmani akajibu. Jibu lile lilimuuma Somoe kuliko hasira za mjomba. Alilia, haki ya Mungu alilia, kisha akafuta machozi akapanda Newala na vipimo vyake.

Akaona. Mnara mkubwa wa kilimani na ule mdogo wa sokoni ilikuwa ikitumia mawimbi yale yale, na mkubwa ulikuwa unauzomea mdogo, ndiyo maana simu za sokoni zilikatika. Mawimbi mengine ya kugawana hayakuwapo. Akaupunguza mkubwa nguvu, akaziinamisha antena zake kidogo, halafu akaenda mpaka kijiji cha mbali cha Mnyambe kuhakikisha huko bado wanasikika. Wanasikika!

Akarudi sokoni shingo juu. Mzee akaombwa asimame pale pale. Somoe akampigia kutoka ng'ambo ya soko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Simu haikukatika. "Ulifanyaje?"

"Mnara mkubwa ulipaza sauti mno, mdogo ukawa hausikiki. Nimeupunguza."

"Kumbe mkubwa naye hupunguzwa?"

"Hupunguzwa, mjomba, na anabaki mkubwa."

Mzee akaangua kicheko. "Posa naipeleka, mkwe wangu. Lakini huyu aliyekuona mwongo aanze yeye."

Akampa Lukmani simu. Mbele ya soko zima Lukmani akaomba radhi, neno kwa neno, na Somoe akayasikia yote.