Tofali Moja Bila Krepi

Wewe mwenye kukunja pua pale, kunja tu. Ulisoma, ulifika Goma, kila kitu unakiwekea jina la Kifaransa na unafikiri umekiweza. Nyumba ya Ladislas iko pale Kingi, juu ya barabara. Ukuta wake haujapasuka hata kidogo, na hakuna mutu anayeuegemea kungojea mvua iishe. Kwa nini, kama ni uongo? Funga kinywa, sikiliza. Utacheka kiisha, kama bado utaweza.

Ilikuwa mangaribi. Emérita, bibi ya Ladislas, alibeba bidoni ya maji na kikombe, akazunguka nyumba kunywesha ukuta. Ni kazi ya kawaida. Fundi akiisha kupaka krepi, ni kusema kuvalisha matofali simenti na muchanga kwa inje, lazima mutu amwagilie maji asubuhi na mangaribi. Kama sivyo, jua linaikausha mbio na inapasuka. Fundi anakwenda zake na kofia yake. Anayebaki na bidoni ni mwanamuke.

Ilikuwa nyumba ya kwanza kupata krepi kwenye kilima kile. Zingine zote zilibaki matofali tupu. Watu wa kule wamekimbia mara nyingi na kurudi mara nyingi. Nani atavalisha nyumba ambayo kesho ataiacha? Lakini Ladislas alikuwa na ng'ombe, aliuza fromaji, jibini ya maziwa yao, na kichwa chake kilikuwa kigumu. Tena alikuwa amemuahidi mama yake.

Mama yake muzee, mukecuru Kanyange, njo aliyebeba maji ya kukanyagia udongo wa matofali yale, kutoka bondeni, kwa kichwa. Alikuwa akisema hatakufa mbele ya kuona nyumba ya mwana wake imevaa. Akakufa, matofali yangali wazi. Emérita alimuosha, akamuvalisha, hakulia sana. Wanawake wale wawili walikuwa wamepika katika jiko moja miaka mingi, kila mumoja akingojea mwenzake achoke.

Basi Polycarpe, fundi, alipaka nyumba yote akaacha tofali moja. Lilikuwa nyuma, karibu na mulango wa jikoni, kwa urefu wa goti. Ladislas alimuuliza kama simenti imeisha. Polycarpe akajibu kwamba simenti iko, lakini nyumba yenye kwisha kabisa haina tena kazi na mwenyewe, inamumeza. Yeye anaachaga kila mahali kitu kidogo, na wale aliowajengea wako wazima. Ladislas akacheka, akamuita mupagani. Polycarpe akakusanya vyombo vyake, akaenda. Emérita alifurahi moyoni kuona lile tofali jekundu pale.

Mangaribi ile akafika nyuma, akainama na kikombe.

Tofali halikuonekana.

Mahali pake palikuwa na krepi mbichi. Haikupakwa kwa mwiko. Ilisawazishwa kwa kiganja, na vidole viliacha mistari. Harufu ya simenti yenye maji... na chini yake harufu ingine, ya tumbaku ya kunusa.

Alifikiri ni ubishi wa bwana yake. Akaingia kumuuliza. Ladislas alikuwa amekaa kwenye kiti, amevua kiatu, anakanda muguu. Akasema hajatoka tangu saa sita, muguu umekufa ganzi, vidole havisikii kitu. Emérita alichukua kisu cha jikoni, akatoka, akakwangua mpaka wekundu wa tofali ukaonekana. Kutoka ndani akasikia Ladislas anasema, kama mutu anayetoa habari ndogo, kwamba vidole vimerudi.

Kesho yake mangaribi, tofali lilikuwa limefunikwa tena. Ganzi ilikuwa imefika kwenye goti.

Akakwangua. Goti likarudi, lakini si lote.

Ikawa kazi. Kukamua, kupika, kunywesha ukuta, kukwangua. Mutu anazoea. Hata woga, ukiupatia saa yake kila siku, unakuwa kama kuosha masufuria. Lakini kila mara simenti ilikuwa ngumu kuliko jana, na kila mara kilichorudi kwa Ladislas kilikuwa kidogo kuliko jana. Munganga wa kituo cha afya alikuja kumuchoma sindano. Sindano ikajikunja. Akasema ni mishipa, akaacha vitamini juu ya meza, akaondoka bila kunywa maziwa aliyopewa.

Siku moja Emérita aligonga paja la bwana yake kwa kidole, vile mafundi wanagongaga ukuta kusikia kama krepi imeshika.

Ko.

Mulio wa ukuta uliojaa.

Ladislas akauliza kama chakula kimeiva.

Njo siku ile Emérita aliinama karibu na ukuta, akaangalia mistari ya vidole kwa makini. Mitatu mirefu. Ule wa pembeni mufupi, umeishia katikati. Kanyange alikatika kidole cha mwisho zamani, kwa panga, akikatia ng'ombe majani, na tumbaku ya kunusa haikumutoka puani mpaka akakufa. Emérita aliujua mukono ule kuliko alivyojua wake. Ulikuwa umemunyoshea kidole miaka yote: angalia majani yako ya sombe, angalia ufagio wako, angalia, unazaa mutoto mumoja tu na huyo mumoja unamuoza mbali, Kirolirwe.

Alitafuta woga ndani yake, kama mutu anayetafuta ufunguo mufukoni. Hakuupata. Akakwangua, akaingia kupika.

Ganzi ilipofika kwenye kiuno, alishuka kumutafuta Polycarpe. Fundi akapanda naye mpaka barabarani, hakusogea zaidi. Aliangalia nyumba kutoka pale, muda murefu, na mikono yake ndani ya koti. Akasema kukwangua hakufai tena. Wang'oe tofali lenyewe, shimo libaki kwenye ukuta, upepo upite. Akamupatia nyundo yake kubwa.

— Lakini bwana yako akubali kwa kinywa chake, akasema. Nyumba ni yake. Weye ukivunja peke yako, utakuwa umevunja tofali tu.

Emérita akapanda na nyundo. Jua lilikuwa limezama nyuma ya milima, ukungu unashuka kwenye malisho, ng'ombe wa jirani wamenyamaza wote kwa mara moja. Alipofika kwenye kona ya nyumba, akasikia.

Pa.

Pa... pa.

Akachungulia.

Hakukuwa na mutu. Ukuta njo ulikuwa umevimba. Kutoka ndani ya krepi yenyewe ulitoka mukono, mpaka kwenye kiwiko, rangi ya simenti, unang'aa kwa maji yale aliyoyamwaga yeye mwenyewe asubuhi. Ulikuwa unapiga-piga mahali pa tofali, polepole, vile mama anapiga-piga mugongo wa mutoto asinzie. Harufu ya tumbaku ilikuwa nzito.

Emérita akasogea mpaka karibu.

— Mama, akanong'ona. Wacha.

Mukono haukusimama.

— Bado kidogo.

Sauti haikutoka mahali pamoja. Ilitoka kwenye ukuta wote, kavu, bila haraka.

— Unamuua.

— Niko namumalizia nyumba. Weye ulimufanyia nini?

— Nilimupikia.

— Bila chumvi.

Pa. Pa.

Lile la chumvi Emérita alilisikia miaka yote. Akapita kando ya mukono ule, karibu sana, sketi yake ikagusa vidole na kulowa. Akaingia kwa mulango wa jikoni, akapita mpaka sebuleni.

Ladislas alikuwa kwenye kiti chake. Siku zile hakuna mutu aliyeweza kumuinua. Miguu ya kiti ilikuwa imeanza kupasua sakafu. Rangi ya kijivu ilikuwa imepanda mpaka kwenye shingo, laini, bila hata pele moja, kazi ya mutu anayependa kazi yake. Alinuka kama nyumba mupya.

Emérita akapiga magoti mbele yake. Akamuambia yote, bila kuzunguka: ganzi ile inatoka wapi, mukono ni wa nani, kidole gani kimepunguka, Polycarpe amesema nini. Akamuonyesha nyundo. Tofali moja tu. Shimo la kupitisha upepo, mwisho, na atatembea tena.

— Sema ndiyo, akamuambia. Neno moja.

Inje, pa... pa...

— Vumbi itaingia, Ladislas akasema.

— Ladislas.

— Na panya.

Emérita akamuuliza kama anaumwa. Akajibu hapana, hakuna kitu kinauma tena. Mugongo haumuumi, meno hayamuumi. Zamani usiku alikuwa akisikia kila gari lenye kupanda, anajiuliza ni nani, kama watakimbia tena, watachukua nini wataacha nini. Sasa hasikii. Alisema hivyo bila huzuni, na midomo yake ilikuwa migumu kusogea, kama ya mutu aliyetoka kwenye baridi.

— Basi mimi? Emérita akauliza. Nibaki na nani?

Macho ya Ladislas ndiyo yaliyobaki na maji. Yalikuwa yanaangalia ukuta, upande wa jikoni.

— Nyumba imekuwa muzuri, akasema. Wacha Mama amalize.

Emérita akamugonga kifua, mara moja.

Ko.

Akabaki pale juu ya magoti yake. Alifikiri kuinua nyundo hata hivyo, kutoka inje kwenda nyuma, kuvunja tofali, hata ukuta wote pamoja nalo. Angeweza. Mikono yake ilikuwa na nguvu za mutu aliyekamua ng'ombe maisha yote. Lakini angevunja tofali tu. Na tena... alikuwa amegombana na mwanamuke yule akiwa hai, amegombana naye akiwa amekufa. Mara zote mbili aliyeulizwa achague kati yao ni bwana huyu huyu, na jibu lilikuwa lile lile: Mama. Mara ya kwanza Emérita alilia. Sasa alisikia tu magoti yanamuuma, akajua kwamba bado yanamuuma, akasimama.

Akaweka nyundo juu ya mapaja ya bwana yake. Ilitoa mulio wa chuma juu ya jiwe.

Akaingia jikoni, akaondoa sufuria kwenye moto ili chakula kisiungue. Akamwaga maji juu ya makaa. Akachukua kitenge chake kwenye musumari, akakifunga. Kirolirwe, kwa binti yake, kulikuwa mbali, lakini kulikuwa na kitanda.

Alipopita mbele ya kiti, kulikuwa kimya. Kupiga-piga kulikuwa kumekoma.

Hakugeuka kuangalia kama macho yale yalikuwa bado na maji. Harufu ya tumbaku ilikuwa sasa ndani ya nyumba, upande wa kiti, na ilikuwa imetulia kama mutu aliyekaa.

Akatoka. Akafunga mulango.