Nyaya Chini ya Kiti

Giza lilikuwa linaanza kuingia Kinanda alipotoka duka la dawa, mfukoni ana dawa ya pumu, ile ya kupuliza mdomoni. Ilikuwa ya binti yake, ambaye nyumbani humwita Bibi kwa kuwa amerithi jina la bibi yake. Kifua kilikuwa kimembana tangu mchana. Mkewe alipiga simu akinong'ona, kama anaogopa mtoto asisikie.

"Baba watoto, uko wapi? Anavuta pumzi kwa shida."

"Nimeshaipata. Naja."

Akabonyeza kitufe cha kuwashia pikipiki.

Kra... kra...

Kimya.

"Betri yako inakohoa kuliko mgonjwa wako," mlinzi wa duka alisema, akicheka.

Kinanda hakucheka. Betri ya pikipiki haifi bila kuaga, na yake ilikuwa imeaga kwa muda mrefu. Kwanza honi yake ya milio mingi, iliyompa jina lake kijiweni kwa madereva wenzake, ilikauka sauti. Kisha taa ikawa inafifia kila akipunguza mwendo. Fundi alimwonya: "Kaka, betri ina umri wake kama mtu. Hii imeshakula miaka yake. Na kiki yako ya kuwashia kwa mguu imeisha meno. Ikikukatalia njiani utafanyaje?"

"Nitasukumwa," alijibu Kinanda, wakacheka wote wawili.

Sasa aliikimbiza mwenyewe kwenye mteremko wa duka, akairukia, akaingiza gia ya pili. Ikawaka kwa shida.

Barabara ya kwenda kwake hushuka bondeni, huvuka kalavati, kisha hupanda. Kwa wiki kadhaa Kinanda alikuwa akipita pale mbio, bila kutazama pembeni. Lakini jioni hiyo kulikuwa na shimo. Akapunguza mwendo. Taa ikawa nyekundu kama kaa linalokufa.

Ikazima. Injini nayo ikazima.

Pale pale kwenye kalavati.

Ndipo alipomkuta Mpole, mwezi uliopita. Mpole alikuwa dereva mgeni kijiweni, kijana wa maneno machache. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, naye amesimama topeni kando ya pikipiki yake.

"Kaka, betri imekufa. Una nyaya uniazime moto?"

Nyaya zilikuwepo. Nyekundu na nyeusi, za kuunganisha betri moja na nyingine, zimekunjwa vizuri chini ya kiti alichokalia Kinanda. Lakini alitazama tope. Akatazama shati lake jeupe. Alikuwa anakwenda kwenye kikao cha harusi ya shemeji yake.

"Sina, ndugu yangu."

"Basi nisukume kidogo tu."

"Nachelewa."

Mpole akatabasamu. "Haya, kaka. Safari njema."

Giza lilipokolea usiku ule, lori lilimgonga Mpole akiikokota pikipiki isiyo na taa. Mazikoni Kinanda alibeba jeneza, mstari wa mbele kabisa. Watu wakasema, "Kinanda ana moyo." Aliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi. Ukweli hakumwambia mtu. Hata mkewe.

Sasa aliyekwama alikuwa yeye. Alijaribu kuisukuma kupanda mlima, miguu ikateleza. Simu ikaita.

"Baba watoto..." Mkewe alikuwa analia. "Midomo yake inabadilika rangi."

Kinanda akaipanda pikipiki, akashuka, akapanda tena, asijue afanye nini. Akaomba apite mtu. Mtu yeyote.

Yeyote.

Chap... chap... chap...

Nyayo kwenye maji, nyuma yake. Ikaja harufu ya petroli, na ya udongo mbichi, kama uliochimbuliwa leo.

"Ndugu yangu, nisaidie, nina mgonjwa." Akataka kushuka ili wasukume wote.

Viganja viwili vikatua mgongoni mwake. Baridi yake ilipenya hadi kwenye mbavu.

"Kaa," sauti ilinong'ona. "Shati litachafuka."

Kinanda hakugeuka. Hakuthubutu.

"Gia ya pili."

Pikipiki ikaanza kupanda. Taratibu, kisha mbio. Nyayo zilikimbia nyuma yake, lakini hakusikia mtu akihema. Akaachia klachi. Injini ikanguruma.

Madereva wana desturi yao. Ukisukumwa ikawaka, husimami kushukuru, isije ikazima tena. Unapiga honi tu, mwenzako anaelewa.

Kinanda akabonyeza honi.

Haikulia.

Alifika. Bibi akapulizwa dawa mara ya kwanza, ya pili, na pumzi ikaanza kurudi, mdomo ukarudi rangi yake. Mama yake alipopata nafasi ya kumtazama mumewe, akamgeuza mgongo.

"Nani kakushika hivi?"

Viganja viwili vya tope, vidole vyote vikionekana.

"Nilisukumwa."

"Na nani?"

"Mtu tu."

"Ulimshukuru?"

Kinanda akalivua shati, akalikunja tope likiwa ndani.

Asubuhi alimwita fundi, aje na betri mpya. Fundi akafungua kiti, akapima ile ya zamani, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa kabisa. Na pikipiki ya aina hii inataka japo moto kidogo kwenye betri. Bila huo haiwaki, hata isukumwe na mtaa mzima. Nani alikuazima moto jana?"

"Hakuna. Kiti sikukifungua hata."

"Acha utani, kaka. Nyaya si hizi umezibana mwenyewe?"

Nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Ncha za upande wa pili zilining'inia. Zilikuwa zimeungua, na zina tope.

"Upande huu uliubana wapi?" fundi aliuliza.

Uso wa Kinanda uliwaka. Haukuwa woga bado. Ilikuwa aibu tupu. Mtu alikuwa ameokoa mtoto wake kwa nyaya zile zile alizomnyima.

Jioni alirudi bondeni. Alisimama kwenye kalavati, akapiga honi. Ikalia milio yake yote, na bonde likaijibu.

"Nisamehe, Mpole," alisema. "Nyaya zilikuwepo."

Injini ikazima.

Akabonyeza kitufe. Betri ilikuwa mpya, ya asubuhi ile ile. Kimya.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha nyayo. Kisha mlio wa gurudumu linalokokotwa, karibu... karibu... likasimama kando yake.

"Haya, kaka," sauti ilinong'ona. "Nisukume kidogo tu."

Kinanda akashuka. Akaingia topeni na viatu vyake, akanyoosha mikono gizani, ikagusa chuma cha baridi. Akasukuma.

Siku hizi kijiweni wanamtania: "Kinanda, umeanza kilimo?" kwa ajili ya tope la magotini. Mkewe hulifua lile shati jeupe analolivaa kila jioni, wala haulizi. Juzi Bibi alimsubiri mlangoni, akamshika kiganja, akakiachia upesi.

"Baba, mbona una baridi hivi? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namsaidia mtu kusukuma pikipiki, mama."

"Kila siku? Kwani bado haijawaka?"

Kinanda akageuka, akasikiliza upande wa bondeni.

"Bado."