Sauti ya Pili ya Makereta

Soko la Suva, kule Fiji, lilifurika Jumamosi ile. Makereta, ua jeupe sikioni, sulu ya maua mekundu imemkaa vizuri kiunoni, alikuwa akichagua mizizi ya yaqona ya kusagwa iwe kinywaji cha kwaya yao. Ghafla akamsikia muuza bizari wa meza ya pili akiimba wimbo wa kanisa lao kwa raha zake.

"We kaka, hiyo ni sauti ya pili! Wimbo wenyewe hauendi hivyo."

"Unaenda hivihivi," Dharmesh alijibu bila haya. "Napiga kinanda katika hekalu la Wahindu. Dirisha letu linatazama kanisa lenu; mwaka mzima nawasikia."

"Anayeimba pale dirishani kanisani ni mimi. Na bado hujui kitu."

"Basi nifundishe, mrembo."

Walipendana, tena waziwazi. Baada ya miezi miwili Makereta akampeleka mazoezini nyumbani kwao. Baba yake, Mzee Viliame, mwalimu wa kwaya, akamheshimu mgeni kwa kifuu cha kwanza cha yaqona mbele ya watu wote. Dharmesh akakirudisha kikiwa kimejaa.



"Huyo asikanyage tena kwangu," Mzee alimwambia bintiye.

Makereta alinuna siku tatu. Ya nne akampigia Dharmesh simu.

"Umemdhalilisha baba! Kifuu chetu kina sumu?"

"Reta wangu, ni zile siku tisa tunazofunga kwa ajili ya mungu wetu Rama. Hatuli nyama, hatugusi yaqona."

"Sasa si ungesema! Nani anashika tarehe zenu?"

"Mbele ya baba yako? Ulimi ulinikauka."

Makereta alicheka huku analia. Hamu ya kumwona ilikuwa imemzidi.

Mfungo ulipokwisha, Dharmesh alifika nyumbani kwao, shati limepigwa pasi, kinanda begani, fungu la yaqona mikononi. Akaketi chini, akaliweka fungu mbele ya Mzee. Kwa mila yao, mwenyeji asipoligusa fungu, amekataa ombi. Mzee hakuligusa.

"Imba kwanza."

Dharmesh akafungua kinanda, akaimba sauti ya pili mwanzo hadi mwisho.

"Na ya kwanza?"

"Siijui, mzee."

"Ya tatu?"

"Hata hiyo."

"Kwaya ina watu arobaini. Mwaka mzima umemsikia mmoja tu?"

"Mmoja tu, mzee. Na ndiye niliyekuja kumposa."

Makereta alijifunika uso. Mzee Viliame alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaweka mkono juu ya fungu.

"Reta, lete maji tuchanganye," alisema. "Na leo mkweo, kijana, anataka kifuu kirudi kitupu."