Bolti za Springi Zilizomlaza Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na mbili. Ni mjane, naishi hapa Tanga mjini kwa kushona foronya na mashuka. Msidhani naandika haya huku nikilia. Machozi yalikwisha zamani... nimebaki kusimulia tu.

Marehemu mume wangu, Mbaruku, alikuwa fundi wa springi za magari. Miaka ile ya dhiki madukani hamkuwa na kitu, si sabuni, si vipuri. Bamba la springi likikatika, alitafuta jingine kwenye gari bovu, akalipasha moto na kuligonga nyundo mpaka likakaa anavyotaka.

Gerejini alifanya kazi na Faki. Mama yake Faki, mwanamke wa Kipemba, alifariki akimzaa, na mama yangu akamnyonyesha pamoja nami. Kwetu huyo ni ndugu yako kabisa, hata kuoana ni haramu. Nilimpenda Faki kuliko ndugu zangu wa damu. Ningemshuku kwa lipi?

Ikaja kazi ya Bwana Sultani, mfanyabiashara wa Kihindi, Muislamu mwenzetu. Alikuwa amejengesha kijumba cha mbao na bati mgongoni mwa Landrova yake, chenye vitanda, jiko na tangi la maji, apate kwenda kulala na familia yake pwani ya Mkwaja. Kijumba kilipendeza, lakini gari likawa halipandiki! Nyuma lilikaa chini, kwenye kona lililala upande, kwenye mashimo liliruka hadi sufuria zikaanguka. Mkewe alikuwa na maradhi ya mgongo, akakataa katakata kulipanda.

Mbaruku alikuwa na namna yake ya kupima springi. Alipakia mzigo wote wa safari, akajaza tangi maji, kisha yeye akalala kitandani ndani ya kijumba na Faki akaendesha. Mgongo wake ndio uliomwambia bamba lipi lipunguzwe na upande gani uongezwe. Mafundi wenzake walimtania kuwa kazi yake ni kulala.

Bwana Sultani alipata bolti mpya kwa jamaa zake wa ng'ambo, zile zilizopinda, zinazofunga springi kwenye ekseli. Mbaruku alizifunga kwa mkono wake mwenyewe. Ijumaa ile akaenda kuswali. Faki alisema tumbo linamsokota, akabaki kulinda gereji. Baada ya swala wakatoka kulijaribu gari kwa mara ya mwisho, njia ya Pangani.

Hawakufika mbali... Kwenye mteremko springi ziliachia ekseli, gari likapinduka, kijumba kikasagika. Faki alitoka na michubuko. Mume wangu walimtoa humo ndani akiwa amevunjika uti wa mgongo!

Hakusimama tena. Yeye akiwa bado hospitali, Faki ndiye aliyekwenda kulivuta gari, akarudi na maelezo kwamba nati zililegea. Mji mzima ukajua: fundi hakukaza nati. Wateja wakahama, na Bwana Sultani akalichukua gari lake.

Kila asubuhi nikimgeuza kitandani, Mbaruku aliniuliza swali lile lile.

"Mwanaidi, nilizikaza?"

Nilimjibu kuwa alizikaza. Nilijuaje? Sikujua! Nilisema tu ili anywe uji wake. Naye aliniuliza zililegeaje, kisha akageukia ukutani. Miaka yote ile, wasomaji... mtu analala na swali, anaamka nalo.

Faki aliishika gereji, akatuletea chakula, hata sukari Ramadhani ilipoingia. Nilimwombea dua kila nikiswali.

Mbaruku alifariki wakati maduka yameanza kujaa tena. Kwetu, maiti akizikwa, watu huulizwa nani anamdai marehemu, na aliyekosewa huombwa asamehe. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, lakini shemeji yangu alinisimulia kuwa Faki alisimama kando ya kaburi akasema yeye naye aliponea chupuchupu kwenye gari lile, na kwamba amemsamehe marehemu duniani na akhera. Watu wakaitikia amin. Nami nikamshukuru!

Siku moja baada ya eda yangu alikuja kunitazama. Alikuwa na furaha, akinisimulia jinsi vipuri vilivyojaa sasa, mpaka Muheza.

"Bolti zile leo unazipata popote, dada. Wakati ule nilizipatia sukari ya futari."

Kisha akakiweka kikombe chini. Nikamuuliza, bolti zipi?

Akanieleza yote, akitazama mkeka. Ramadhani ilikuwa inakaribia na sukari haionekani. Wakati wenzake wako msikitini alifungua bolti mpya, akafunga za zamani zilizochakaa, akazipaka grisi zisijulikane. Zile mpya alimpa dereva wa lori, naye akampa sukari. Alidhani zitahimili jaribio lile moja, atafute nyingine baadaye. Alipokwenda kulivuta gari, vipande vilivyokatika alivitupa.

Nikaikumbuka sukari ile. Nilimkorogea Mbaruku uji kwayo!

Faki akaniomba radhi. Nikamwambia, "Wa kukusamehe umeshamzika. Tena ulimsamehe wewe."

Sikupiga kelele. Niliondoa vikombe nikaenda kuviosha. Undugu wa kunyonya haufutiki, bado hunijia siku za Idi. Mbele ya ndugu wa namna hiyo mwanamke hana haja ya kujifunika. Mimi siku hizi akibisha hodi, najitanda kwanza ndipo nafungua.

Ndugu zangu, nawasihi. Msimwache mtu wenu abebe lawama kwa sababu tu mnaona haya kumhoji mnayempenda. Na wewe unayeficha neno linaloweza kumpumzisha mwenzako, mwambie leo, angali anasikia. Mume wangu alizikaza. Mimi nimelijua, lakini yeye hakulijua.