Barua za Chiriku

Jamani, sogeeni niwaambie ya nyumba ya pili kutoka kwetu. Mzazi mwenye mkono mwepesi wa kusahihisha asikilize mara mbili.

Baba wa nyumba hiyo huchora mabango ya maduka. Mistari yake imenyooka mno, mpaka mtaa mzima tunamwita Rula. Mkewe anapika kwenye kambi ya wajenga barabara, mbali, mtandao hakuna. Barua zake huja na dereva wa lori kila Jumamosi. Binti yao ana miaka saba na mdomo usiopumzika, ndiyo maana anaitwa Chiriku.

Ijumaa jioni nyumba ilitulia. Chiriku alilala kifudifudi sakafuni, ulimi nje, penseli mkononi, akimwandikia mama yake. Herufi zilikuwa kubwa kama viatu vya baba, nyingine zimegeuka zinatazama ukutani.

Rula akachungulia. "Salaale! Hizi ni herufi au ng'ombe waliotoroka zizini?"

"Ni barua, baba."

"Hii haiendi, mwanangu. Wapishi wenzake mama yako watamcheka."

Akainakili upya kwa mwandiko wa bango. Ile ya mtoto akawashia jiko.

Ikawa hivyo kila wiki. Baada ya miezi mitatu Chiriku akasema, "Andika tu wewe, baba. Si ndiwe unayejua?" Shuleni nako daftari likabaki jeupe.

Kambini mama alizidi kutamani neno la mwanawe. Akaandika: "Barua zako nzuri kama tangazo la sabuni. Lakini mwanangu haandiki? Wenzangu wamebandika za watoto wao juu ya vitanda. Mimi natazama ukuta. Nitumie hata mstari mmoja wa mkono wake."

Sasa hapa msicheke. Rula akaghushi! Fundi mzima akapinda mgongo kutwa nzima akitengeneza mwandiko mbaya. Jibu likarudi: "Mume wangu, hata kupinda umepinda kwa kupima. Namtaka mwanangu."

Rula akaikunja karatasi ile, akaitia mfukoni. Ijumaa iliyofuata akalala sakafuni mbele ya mtoto, penseli mkono wa kushoto, akaanza kumwandikia mkewe.

Chiriku akasimama juu yake. "Baba, mbona M yako imelewa?"

"Nisaidie basi, mwalimu."

"Aka! Endelea mwenyewe."

Ijumaa tatu alimcheka tu. Ya nne akamnyang'anya penseli, akaandika: "Mama jino limeng'oka njoo uone pengo." J imegeuka, mstari umeteremka kama ngazi. Vidole vilimwasha Rula kuinyoosha, lakini akaitia kwenye bahasha vilevile.

Mama akajibu: "Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Sasa nitumie na zile za mwanzo, za alipokuwa na meno yote."

Rula akachukua kalamu kueleza zilikokwenda. Mwandiko wake wa siku ile haukunyooka.

FUNZO

Mtoto anayejifunza kuandika mpe karatasi, muda, na mtu anayengoja kusoma. Msifu kwa herufi moja iliyokaa vizuri kabla hujazitaja zilizoanguka. Kaa chini uandike naye. Ukimwandikia hujamsaidia, umemnyamazisha. Mkono utanyooka tu kadiri anavyoandika. Ila mwandiko wa miaka saba ukiuchoma, hakuna fundi wa kuuchora tena.