Spika za Marehemu Mzee Boadu

Kila siku akitoka shule, Serwaa alivua sare, akala, kisha akaenda kwenye karakana ya mjomba wake Antwi, fundi wa redio hapa mjini Ejisu. Kwetu mpwa ndiye mrithi wa mjomba, na Antwi alikuwa na mpwa huyo mmoja tu.

Alhamisi hiyo mezani palikuwa na spika mbili kuukuu za marehemu Mzee Boadu. Sponji za ukingoni, zinazoshikilia karatasi ya katikati inayotoa sauti, zilikuwa zimelika, zikimeguka kama mkate mkavu. Mjane wake, Bibi Dufie, alikuwa amesema, "Alizipenda kuliko mimi! Jumamosi tunamzika. Nataka nyimbo za kanisa zimsindikize kwa spika zake mwenyewe."

Mjomba alibandika sponji mpya. Moja alimaliza mwenyewe. Ya pili akamwachia Serwaa.

"Sukuma karatasi taratibu kwa vidole, juu na chini, ukisikiliza. Ikikwaruza, isogeze katikati. Usiinuke mpaka gundi ishike. Nafuata waya sokoni."

Nje, wasichana walikuwa wakicheza ampe, wakiruka na kupiga makofi.

"Serwaa, unabembeleza spika? Bado haijalala?" mmoja wao akamtania.

Akatoka aruke mara moja. Akaruka mpaka jasho likamtoka. Aliporudi akasukuma karatasi. Krrr! Karatasi ilikuwa imeshikia upande.

"Inakwaruza?" Mjomba aliuliza aliporudi.

"Hapana, Mjomba."

"Mpwa wangu huyo! Asubuhi wanakuja kuzichukua."

Jioni walikaa nyumbani na Mjomba kula fufu, muhogo uliotwangwa. Serwaa alimwomba Mungu aisogeze ile karatasi, lakini si Mungu aliyekuwa ameinuka pale mezani. Mara akaingia Bibi Dufie kuwashukuru, amevaa nguo nyeusi za msiba, akamshika mikono.

"Mikono hii ibarikiwe, mjukuu wangu."

Serwaa akaangua kilio. "Inakwaruza! Mjomba, nilikudanganya! Niliinuka, nikaenda kucheza!"

Bibi Dufie akaiachia ile mikono. Mjomba aliacha chakula. Alikimbilia karakana, Serwaa nyuma yake. Mjomba alilowesha ukingo kwa kitambaa cha maji ya moto, akapenyeza wembe.

"Shika hapo. Usitikisike."

Karatasi ikachanika, urefu wa ukucha. Serwaa alidhani yote yamekwisha. Mjomba akaziba kwa karatasi nyembamba, akapaka gundi upya, akasogeza kiti.

"Kaa."

Alikaa. Alisukuma na kusikiliza mpaka mkono ukafa ganzi. Haikukwaruza tena.

Asubuhi Mjomba alisema, "Kiraka hicho utamwonyesha Bibi wewe mwenyewe."

Bibi alipokuja, Serwaa alimwonyesha. Bibi Dufie alikipapasa. "Boadu naye alishonwa tumboni, na bado aliimba."

Jumamosi nyimbo zilitoka safi, hata wazee waliokaa nyuma walizisikia. Mjomba akamwinamia Serwaa.

"Gundi ilikuwa haijakauka kabisa uliposema, ndiyo maana tuliiokoa. Ungenyamaza mpaka asubuhi, ningeipasua karatasi yote, na leo Bibi Dufie angelia mara mbili. Utakosea tena, mwanangu, hata mimi nakosea. Ila ukikosea, niambie siku hiyo hiyo."