Jina Lisiloulizwa

Siku ya tatu tangu Zulaikha awekwe ndani, nyumba ya mama yake, Zubaida, pale Bukoto iliamka ikinuka unga wa mtama. Mtama! Tangu wahamie fleti ile hakuna aliyeupika. Zubaida alifunua kila sufuria, akainusa hata ndoo ya taka, akaambulia patupu.

Harusi ilikuwa imebaki siku nne. Wanubi, uzao wa askari wa zamani kutoka kaskazini, humweka bibi harusi chumbani, akafukizwa kwa kuni za manukato mpaka ngozi ing'ae. Kuwekwa tu, jamani; hakuna aliyesema atiwe kufuli. Lakini Zulaikha ni mwanafunzi wa chuo cha Kyambogo na mbishi kweli kweli, na jana yake alitoroka kwenda kufanya mtihani. Zubaida akaona isiwe tabu. Akamfungia kwa nje, ufunguo akautia kifuani.

Adhuhuri akasikia jiwe likisaga juu ya jiwe, polepole, na nyumba ile haina jiwe la kusagia. Akafungua. Zulaikha alikuwa amepiga magoti, anasugua sakafu ya saruji kwa viganja vitupu, na saruji imelowa damu.

"Mama," alinong'ona, "hii mwanamke nasema nisiache. Wakubwa hawajakula."

"Mwanamke gani, bambi, mwanangu?"

"Ile iko nyuma yako."

Zubaida hakugeuka. Alihisi pumzi shingoni, nzito, yenye harufu ya mtama, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe.

Alasiri ileile akaja Shehe Latif kutoka Bombo, mganga aliyewahi kuwa askari huko kaskazini. Alisoma, akanyunyiza maji, na Zulaikha akajibu kwa sauti ya mwanamke mzima, kwa lugha ya kaskazini ambayo hajawahi kufundishwa. Shehe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Haboba Rahmah, bibi yao mkongwe, aliyekuwa kajikunyata mlangoni.

"Haboba, hii si jini ya kuchoma. Ilikuwa mtu. Nasema wazee yenu waliifungia ndani, na mtoto ya damu yake akifungiwa kwa nje, inaamka. Yeye nataka kurudi kwao. Ni nani?"

"Sisi ni watu ya askari," Haboba alisema. "Kwetu hakuna mtumwa. Wakwe wakisikia maneno kama hiyo, harusi imekufa."

"Haboba, mtoto ndiye nakufa!" Zubaida alilia.

Na kweli, kwa kuwa Zulaikha alikuwa ameanza tena kusaga, na safari hii jiwe lilisikika ndani ya kuta zote, na vikombe vikatetemeka kabatini, na harufu ya mtama ikajaa mpaka ikawakaba koo, na mlango uliokuwa wazi ukajifunga wenyewe nyuma yao na kujikaza kana kwamba kuna mtu upande wa pili ameuegemea kwa mgongo, Haboba alianguka chini akasema yote.

"Babu ya babu yangu alimteka vitani. Akamfungia chumba ya kusaga mpaka akazaa. Sisi wote tumetoka kwa tumbo yake."

"Jina yake?" Shehe aliuliza.

"Mabruka."

Zulaikha akacheka, kicheko kikavu. Shehe alitafsiri kwa kunong'ona: "Nasema hiyo walimpa wao. Nataka ile ya mama yake. Mkiiita hiyo, natoka."

Machozi yakamtoka Haboba.

"Hakuna mtu aliuliza."

Shehe akakusanya vitabu vyake. Mlango uliwaachia wapite, yeye na Haboba na Zubaida. Zulaikha haukumwachia.

Wakwe walisikia; harusi ikafa. Zubaida ameng'oa mlango wa chumba kile, na bawaba zake, na kila alasiri huketi kwenye nafasi iliyobaki akitaja majina ya wanawake wa kaskazini, moja moja: Aciro, Acen, Alal, Ayaa. Mengine aliyaokota kwa kuwauliza wachuuzi sokoni Nakivubo. Jina lenyewe bado hajalipata. Zulaikha huja mpaka kizingitini, viganja vimefungwa vitambaa, akasimama kungoja ruhusa ya kutoka.

"Zulaikha," mama humwita. "Toka, mwanangu. Zulaikha."

Havuki. Siku hizi hata jina hilo haliitikii.